Kikifa, Kinafia Upande Gani?

Aliyenifundisha kazi alikuwa fundi wa televisheni wa Birere, mtaa wa Goma ulioegemea mpaka wa Gisenyi kiasi kwamba nyumba za nchi mbili zinasikilizana redio. Hakuwa na daftari wala cheti ukutani. Alikuwa akikupa kifaa kilichoharibika, anakuacha ukigeuzegeuze, kisha anauliza: "Kikifa, kinafia upande gani?" Chukua pasi ya umeme. Ndani yake mna kidude cha kukata umeme joto linapozidi. Kidude kikivunjika huku kimekata, pasi inapoa na mama mwenye nyumba ananung'unika kwamba nguo zimebaki na makunyanzi. Ncha zake zikigandana, pasi haijui tena kuzima, na hapo watakaolalamika ni mtaa mzima. Kifaa kimoja, vifo viwili. Fundi asiyejua kuvitofautisha, mzee yule alimwita "mwenye bisibisi" tu.

Nilivuka na swali hilo nilipohamia kwenye mageti ya umeme na ving'ora upande wa Rubavu, wilaya ya Rwanda ulimo mji wa Gisenyi. Hoteli na nyumba za mapumziko zilikuwa zikiongezeka kando ya Ziwa Kivu, na wenye uwezo wakaanza kupanda vilimani kutafuta viwanja vipana. Ndivyo nilivyoanza kwenda Nyakiriba. Ukimtajia mtu wa Kigali jina hilo atafikiria gereza. (Sijawahi kufanya kazi humo, na kama ningefanya nisingeandika hapa.) Kwangu mimi Nyakiriba ni migomba, udongo unaoteleza, mashamba ya chai ya Pfunda yasiyo mbali, na asubuhi ambazo ukungu unakuja kubisha hodi kizingitini. Ni mahali pagumu kuliko pote nilipowahi kufunga miale ya infraredi, na karibu kila ninachokijua kuhusu miale hiyo nimekijulia huko.

Filamu zimetuharibia wateja. Mtu anakuita umwekee "zile nyekundu", akifikiria nyuzi za mwanga zinazokatiza chumba na mwizi mwembamba anayezikwepa kama mcheza sarakasi. Hazionekani. Mwaka 1800 William Herschel, mwanafalaki mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Uingereza, alipitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo na kuweka vipimajoto kwenye rangi zilizotawanyika. Kile alichokiweka nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, ndicho kilichopanda kuliko vyote. Vifaa vyetu vinafanya kazi huko huko nje ya nyekundu, kwenye mawimbi ya nanomita 850 hadi 950 hivi, jirani kabisa na rimoti ya televisheni. Mteja akikataa kuamini kwamba kisanduku chake kinawaka, namwambia atoe simu, afungue kamera ya mbele na kukilenga. Kwenye simu nyingi kitaonekana kijidoa cha zambarau. Watoto wa nyumba wanapenda sana hilo, na mara nyingi wao ndio wanaonishindia mabishano.

Mpangilio wenyewe ni mwepesi. Kisanduku kimoja kinatuma, kingine kinapokea, na kati yao ni hewa tupu: mita 5 getini, mita 100 kando ya ukuta. Kinachotuma hakiwaki mfululizo. Kinapepesa mara nyingi mno kwa sekunde kwa mdundo wake, na mwenzake anausikiliza mdundo huo peke yake. Ndiyo maana jua, ambalo limejaa infraredi kuliko taa yoyote ya dukani, haliwachanganyi kirahisi. Mwili wa mtu ukipita katikati, mdundo unakatika.

Lakini uzuri wa kifaa hiki hauko kwenye mwanga. Uko kwenye waya. Ndani ya kisanduku kinachopokea kuna swichi ndogo, rilei. Mwale ukifika salama, umeme unaivuta rilei na ncha zake zinagusana. Mwale ukikatika, ncha zinaachana, na bodi inayosimamia mfumo inasoma kwamba kuna mtu. Sasa tuseme hakuna mtu, ila mwizi amekata waya. Ncha zimeachana. Betri imeisha, zimeachana. Panya amekula nyaya, maji yameingia kwenye kisanduku, buibui amefunga lenzi, taa ya kutuma imeungua baada ya miaka ya kazi: bodi inasoma jambo lile lile, kuna mtu. Kifaa hiki kimenyimwa makusudi uwezo wa kufa kimya. Nilipokifungua mara ya kwanza pale Birere na kufuata njia ya umeme hadi kwenye ncha za rilei, mzee hakunisifu. Alisema, "Huyu aliyekitengeneza alikuwa mwoga. Mwoga mzuri."

Si vifaa vyote vya infraredi vyenye woga huo. Kile cheupe kinachowekwa kwenye kona ya sebule hakitumi mwale wowote. Kinasubiri joto la mwili litembee mbele yake. Miili yetu inatoa infraredi yenye mawimbi marefu zaidi, karibu na mikromita 10, na kifaa kinaona tofauti kati yetu na ukuta ulio nyuma yetu. Nyakiriba usiku kuna baridi, tofauti ni kubwa, na kifaa kinaona vizuri. Kipeleke Mombasa mwezi wa Februari kwenye chumba kisicho na feni, ukuta ukakaribia joto la ngozi, na kinaanza kupofuka. Waya zake zitakuambia kila kitu kiko sawa. Huko ni kufia upande mbaya, na mwenye nyumba hatajua mpaka siku akute televisheni haipo.

Wakati wa Ebola wengi wetu hapa tulikutana na infraredi kwenye paji la uso. Mgonjwa wa kwanza Goma alithibitishwa tarehe 14 Julai 2019, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Lakini kwenye Petite Barrière, mpaka unaovukwa kwa miguu na umati wa watu kila siku, kunawa mikono na kupimwa joto vilikuwa vimeanza mapema. Nilisimama kwenye foleni ile na jicho la kazi yangu. Mama aliyetoka juani na beseni la nyanya kichwani alipimwa, kifaa kikasema joto liko juu, akawekwa kando kivulini, akapumzika, akapimwa tena, akapita. Alikasirika, na alikuwa na haki, nyanya hazisubiri. Ila mimi sikuwa namhofia yeye. Nilikuwa namtazama kijana aliyefika akitiririka jasho. Jasho hupoza ngozi, na kifaa kinachosoma ngozi kinaweza kusoma chini ya joto la kweli la mwili. Mtu wa aina hiyo angepita bila kelele yoyote. Ndiyo maana, pamoja na vipimajoto vyote, kulikuwa na watu waliokutazama usoni na kukuuliza umetoka wapi na unajisikiaje.

Nirudi kwenye mageti. Watu wengi hawajui kwamba jicho la getini na jicho la ukutani, ambayo yanaweza kutoka katoni moja, yana kazi zilizo kinyume. La ukutani linailinda nyumba dhidi ya mtu. La getini linamlinda mtu dhidi ya nyumba. Geti la chuma la kuteleza lina uzito wa mamia ya kilo, na mota yake haina macho; inachokijua ni kufika mwisho wa reli. Jicho linafungwa chini, kama nusu mita kutoka ardhini, kwa sababu anayehofiwa zaidi ni mtoto. Marekani iligeuza hofu hiyo kuwa sheria. Baada ya watoto kufa chini ya milango ya gereji inayojifunga yenyewe, Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 1990, na tangu 1 Januari 1993 kila mota mpya ya mlango wa gereji wa nyumbani lazima iwe na kinga ya ziada, kwa kawaida jicho la infraredi au ukingo unaohisi mguso, na mashine isikubali kuushusha mlango wenyewe kama kinga hiyo haipo au imeharibika. Kipande hicho cha mwisho ndicho roho ya sheria. Kuweka jicho ni rahisi. Kuikataza mashine isifanye kazi jicho likifa, hapo ndipo wateja na mafundi wanapogombana.

Mzee mmoja wa Nyakiriba, mfanyabiashara aliyestaafu, aliniita nimrekebishie rimoti. Kabla ya kugusa rimoti ya mtu huwa napima jicho la geti: nabonyeza kufunga, kisha nasukuma ndoo tupu ya rangi mbele ya mwale. Geti lake lilikuja, likaikuta ndoo, likaendelea. Plastiki ilipasuka kwa mlio ambao mlinzi aliusikia akiwa jikoni.

"Mzee," nikasema, "jicho lako halifanyi kazi."

"Linafanya. Si unaona taa inawaka?"

Taa ilikuwa inawaka kweli. Nikafungua sanduku la mota. Kwenye bodi, pale waya mbili za jicho zinapopaswa kuingia, palikuwa na kipande kifupi cha waya mwekundu kimeunganisha skrubu na skrubu. Sisi tunaita jampa. Bodi ilikuwa ikisoma ncha zimegusana, usiku na mchana, milele. Macho mawili yalikuwa nguzoni, yanawaka, yanatazamana, na hakuna aliyekuwa akiyasikiliza.

Mzee hakushangaa. Alikuwa anajua. "Fundi, hukuwepo. Saa kumi na mbili asubuhi gari limeshatoka, dereva anangoja, geti limekataa kufunga kwa sababu ya ukungu. Kila siku. Nikatoka mwenyewe kwa mguu kulisukuma, na miaka yangu hii. Yule kijana alikuja na kawaya, dakika tano, na tangu hapo tumelala vizuri."

Nilimuuliza wajukuu wanakuja lini. Akasema likizo. Kisha akanyamaza muda mrefu, akamwita mlinzi alete chai, jambo ambalo kwa mzee wa aina yake ni sawa na kusema endelea.

Siwezi kumlaumu kijana wa kawaya kuliko ninavyomlaumu yule aliyefunga macho yale mwanzo. Nguzo alizisimamisha pale maji ya paa yanapomwagikia, lenzi zote mbili bila kofia ya kuzikinga, ya kipokezi ikitazama mashariki. Umande ulizifunika alfajiri. Jua lilipochomoza chini kabisa lilipiga moja kwa moja kwenye kipokezi. Kifaa kilifanya kile alichokisifu mzee wa Birere, kiliogopa. Kikaogopa kila siku saa ile ile, na woga wa kila siku unachosha. Mimi nimeona majampa mengi kuliko vifaa vilivyokufa, na karibu kila mara nyuma ya jampa kuna mtu mwenye akili timamu aliyechoshwa na kelele za bure. Kwa hiyo kazi ya usalama, ukiniuliza, asilimia kubwa ni kazi ya kupunguza kelele. Mfumo unaopiga kelele usiku mmoja bila sababu utazimwa baada ya wiki, na atakayeuzima ndiye aliyelipia.

Na sababu za kelele hapa kwetu ni nyingi. Jani la mgomba ni pana kuliko kifua cha mtu, na likikauka linaning'inia na kuyumba. Paka hupita. Ndege hupita. Buibui anapenda kisanduku chenye joto kidogo usiku kuliko mahali popote duniani, na mtandao wake ukishika umande unakuwa pazia. Dawa ya ndege na paka ni kutumia miale miwili, mmoja juu ya mwingine, na kuiambia bodi iamke tu ikikatika yote kwa pamoja. Ndege hana urefu huo. Dawa ya jani linalopeperuka ni muda. Kila kipokezi kizuri kina kitufe cha kupanga mwale ukatike kwa muda gani kabla ya kuhesabiwa. Hesabu yake ni ya darasani: kiwiliwili chenye upana wa sentimita 30 kikitembea mita moja kwa sekunde kinaukata mwale kwa sekunde 0.3. Mtu huyo huyo akikimbia mita 6 kwa sekunde, ni sekunde 0.05 tu. Ukipanga kifaa kingoje sekunde 0.2 utakuwa umewasamehe ndege wote, na pia umemsamehe mwizi mwenye mbio. Getini, watu wanapotembea, unaweza kuwa mvumilivu. Juu ya ukuta, mtu anapojipindua polepole, unaweza kuwa mvumilivu zaidi. Kwenye uwanja mtupu kati ya ukuta na nyumba, hapana.

Radi ni kesi ya peke yake. Ukanda huu wa Kivu, hasa ng'ambo ya Congo, ni kati ya sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, na waya mrefu uliozikwa kando ya ukuta unaikaribisha. Radi ikipita karibu, mshtuko wake unaweza kuyeyusha ncha za rilei zikagandana. Hapo ule woga mzuri unakwisha: mwale ukatike usikatike, bodi inasoma salama. Watengenezaji wa bodi bora waliliona hilo. Kabla ya kila safari ya geti, bodi yao inakata umeme wa kisanduku kinachotuma kwa kitambo kidogo na kungoja kipokezi kiseme "kuna mtu". Kisiposema, geti halisogei. Yaani bodi inamdanganya shahidi wake makusudi ili ione kama bado yuko macho. Inahitaji waya mmoja zaidi na bei yake iko juu, na mafundi wengi huuruka waya huo kwa sababu mteja hauoni.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Anga la Goma liligeuka jekundu, na usiku ule maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Gisenyi na magodoro na watoto. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Kilichofuata ndicho kilichotugusa sisi zaidi kikazi: mitetemeko ya ardhi, siku baada ya siku, baadhi yenye nguvu iliyozidi 5, iliyopasua kuta na barabara upande wetu. Simu yangu haikunyamaza. Ving'ora vililia nyumba baada ya nyumba. Mwale unaosafiri mita 100 hauna msamaha: nguzo ikiinama digrii moja tu, shabaha imehama karibu mita 1.75. Nguzo zilizosimama peke yazo zilivumilia vizuri kuliko visanduku vilivyofungwa kwenye kuta zilizopasuka, kwa sababu ukuta ukipasuka kila upande unaenda njia yake.

Wengi walizima mfumo mzima na kulala nje, uani, kama sote tulivyolala. Sikuwa na la kuwaambia. Ila mama mmoja wa Nyakiriba, mjane, hakuzima. Kila king'ora kilipolia alitoka na tochi, akatazama ufa wa ukuta wake wa nyuma, akarudi. Nilipofika kuulenga upya mwale, nikiwa na mita mkononi nikisoma volti zikipanda taratibu jinsi nilivyozungusha skrubu, alinionyesha alama za mkaa alizochora kwenye ukuta kila mtetemeko. Ufa ulikuwa unatembea. "Hiki kitu chako," akasema, "ndicho kinaniambia lini nisilale karibu na ukuta." Sikuwa nimekifunga kwa kazi hiyo. Wala kiwanda hakikukusudia. Nikamwambia ahamishie kitanda upande wa barabara, na nikaacha mwale ulivyo.

Sasa nije kwenye mto Sebeya. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha kwa namna ambayo wazee hapa hawakuwahi kuiona. Mto ulivunja kingo zake, vilima vikaporomoka, na katika mikoa ya Magharibi, Kaskazini na Kusini zaidi ya watu 130 walikufa. Rubavu ilipigwa vibaya. Wiki kadhaa baadaye niliitwa kwenye boma moja la bondeni kuona kama kuna kifaa cha kuokoa. Ukuta wa upande wa mto haukuwepo. Geti lilikuwa shambani kwa jirani. Familia ilikuwa salama, kwa sababu majirani waligonga mlango hadi ukafunguliwa.

Bodi ya king'ora ilikuwa juu ukutani ndani ya nyumba, nzima. Nikaiwasha kwa betri yangu na kusoma kumbukumbu yake. Vipokezi vya hali ya juu vina njia ya pili ya kusema. Mwanga ukipungua polepole, kama unavyopungua kwenye ukungu au mvua nzito, kipokezi kinatambua kwamba huyo si mtu, na kinatoa ishara tofauti: sioni vizuri. Fundi ndiye anayeamua ishara hiyo iende wapi. Pale ilikuwa imeunganishwa hivi: mvua ikizidi, king'ora kinanyamazishwa mpaka hali itulie. Ni mpangilio unaokubalika, umo hata kwenye vitabu vya maelekezo, na unawafurahisha wateja. Kumbukumbu ilionyesha ishara ya "sioni" usiku mkubwa, kisha hakuna kitu. Ukuta ulianguka na nguzo zake, nyaya zikakatika, rilei zikaachana kama zilivyoumbwa kuachana, na bodi ilikuwa imeambiwa isijali. Sisemi kingewaokoa. Miale ya ukutani haikutengenezwa kwa mafuriko, na katika kelele za usiku ule king'ora kingekuwa sauti moja zaidi. Lakini nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki chenye matope nikijiuliza ni nyumba ngapi nilizozijua zimefungwa hivyo.

Tangu hapo sikubali kuunganisha ishara ya "sioni" kwenye kunyamaza. Mwizi naye anaujua ukungu. Hakuna usiku bora kwake kuliko ule ambao mashine imepewa ruhusa ya kufumba macho. Wafanya magendo wanaovusha bidhaa mpakani, tunaowaita abacoracora, wanasoma hali ya hewa vizuri kuliko redio. Kwa hiyo naileta ishara ile kwenye taa ya njano ndani ya kibanda cha mlinzi. Haipigi kelele, haiamshi mtaa, haimwiti mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, wala vijana wa irondo, doria ya usiku. Inawaka tu, na maana yake ni kwamba mwale umejiuzulu kwa muda, inuka utembee mwenyewe.

Kwa yule mzee wa jampa nilifanya kazi zote mbili, ya geti na ya ukuta. Macho ya geti niliyahamisha kutoka chini ya maji ya paa, nikayageuza jua lisiyapige, nikayavika kofia, nikaweka bodi inayojipima kabla ya kila safari. Alilalamikia bei ya bodi mpaka birika la chai likaisha, kisha akaondoa yeye mwenyewe kile kiwaya chekundu na kukitia mfukoni. Sijui alikuwa anakitakia nini. Kwenye ukuta nikaweka miale miwili miwili, mita 40 badala ya 80 ambazo kifaa kingeweza, ili ukungu wa kawaida usiimalize nguvu yake. Na kibandani nikaweka taa ya njano.

Malalamiko ya geti yaliisha. Ya taa yakaanza. Mlinzi, mtu mzima mwenye heshima zake, alinipigia kusema inawaka usiku kucha kwenye majira ya mvua na mwanga wake unamuumiza macho. Nikamwambia mwanga huo ndio kazi. Akauliza kama hakuna swichi. Nikasema hakuna. Nilipopita baadaye kusafisha buibui nikakuta taa imevikwa kofia ya sufi, ile anayovaa kwenye baridi, imevutwa hadi shingoni vizuri kabisa.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Taa sasa iko juu, chini ya paa la kibanda, mkono haufiki. Juzi mlinzi ameomba anunuliwe ngazi, eti ya kupogolea migomba inayokaribia miale. Migomba kweli imekaribia. Mzee ananiuliza mimi ampe au asimpe.